Masomo ya kaiti kwa anayeanza: lazima, hiari, au uthibitisho wa uwezo?

Kusi inaposhika, na tena Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, wapitao mchangani kati ya Nyali na Bamburi, huku Mombasa, huziona kaiti zikielea juu ya maji yaliyo ndani ya mwamba. Mchezo huu, ambao mtu husimama juu ya ubao na kuvutwa baharini na kaiti kubwa yenye nyuzi ndefu, ulianza hapa kama jambo la wageni wa hoteli, lakini sasa vijana wa pwani nao wanautaka. Ndiyo maana swali hili limekuwa la watu wengi: je, anayeanza alazimishwe kupita katika masomo kabla ya kuirusha kaiti peke yake, au aachiwe ajifunze apendavyo?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya kijana anayetaka kuanza, mzazi wake, mwenye duka la kukodisha vifaa, na wanakamati wa ufukwe au wa diko la wavuvi wanaotakiwa kuamua. Zipo njia tatu zinazoweza kufuatwa. Ya kwanza ni kumlazimisha kila anayeanza asome. Ya pili ni kuliacha jambo hili kuwa hiari ya mtu. Ya tatu ni kutomuuliza mtu alikojifunza, ila kumtaka aonyeshe uwezo wake kabla ya kuruhusiwa kurusha kaiti mahali fulani.

Tunapima nini

Kipimo cha kwanza ni usalama wa anayejifunza, na hapa ni lazima tuelewe kwanza anachokishika mkononi. Kaiti ya kuvuta mtu si tiara ya watoto wa mtaani. Ukubwa wake huwa kati ya mita za mraba 5 na 17, kwa kutegemea uzito wa mtu na upepo wa siku hiyo, na nyuzi zake huwa na urefu wa mita 20 hadi 27. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, kasi imekuwa maradufu lakini nguvu inayoivuta kaiti imekuwa mara 4. Tena, kaiti ikikaa juu ya kichwa au pembeni huvuta kidogo. Ikishuka mbele ya mtu, katikati ya njia ya upepo, huvuta kwa nguvu zake zote. Mvuto huo hupunguzwa kwa kuisukuma mbali fimbo ya kuongozea kaiti, au kwa kuiachia kabisa. Mwanadamu anayevutwa ghafla hufanya kinyume chake: hushika kwa nguvu zaidi na kuivuta fimbo kifuani, na kaiti nayo huzidi kumburuta. Silika hiyo haiondoki kwa kutazama video. Huondoka kwa kulirudia tendo mara nyingi, mtu mwingine akiwa karibu akisema, “Achia.”

Kipimo cha pili ni usalama wa wengine, nami nakiri kwamba ndicho ninachokipa uzito zaidi. Wanamaji wetu huuita upande upepo unakotoka joshi, na upande unakoelekea demani. Katika ufukwe wa Nyali na Bamburi, Kusi na Kaskazi zote huvuma kwa mshazari kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Hilo lina heri yake, kwa sababu aliyeshindwa kuiongoza kaiti kwa kawaida husukumwa kurudi pwani badala ya kupelekwa bahari kuu. Lakini maana yake nyingine ni kwamba demani ya anayejifunza ni ufukwe wenyewe, pamoja na waogeleaji, watoto walioketi ndani ya mipira ya magari, ngamia wa kukodisha, minazi na kuta za hoteli. Siku moja ya sikukuu nilimwona kijana aliyeazimwa kaiti na rafiki yake akiirusha mahali pasipo na nafasi. Aliburutwa juu ya mchanga hatua nyingi, na nyuzi zikapita juu kidogo ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akichimba shimo. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sioni kwamba swali la lazima au hiari linaweza kujibiwa kabla ya kuuliza ni nani aliye demani. Anayeirusha kaiti amejichagulia hatari yake, lakini mtoto yule hakuchagua lolote.

Vipimo viwili vilivyobaki ni vyepesi kueleza: gharama, yaani nani atamudu na nani atafungiwa nje, na usimamizi, yaani kama kanuni itakayowekwa ina mtu wa kuitekeleza.

Njia ya kwanza: masomo ya lazima kwa kila anayeanza

*Usalama wa anayejifunza.* Hapa njia hii ina nguvu kuliko nyingine. Shule nyingi za mchezo huu duniani hufuata mtaala wa IKO, shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 2001, na mpangilio wa mafunzo unafanana karibu kila mahali. Mwanafunzi huanza nchi kavu kwa kuelewa upepo na kuongoza kaiti ndogo. Kisha huingia majini bila ubao na kuvutwa kwa mwili, ajifunze kurudi alikotoka hata akiupoteza ubao. Baadaye hujifunza kuinuka juu ya ubao, na mwisho kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo ili asiishie kutembea kilomita nzima akiwa amebeba vifaa. Wengi huhitaji saa 9 hadi 12 za mafunzo kabla ya kuanza kujitegemea. Katika saa hizo hufundishwa pia mambo mawili ambayo ni vigumu kujifundisha: kukivuta kifunguo cha dharura kinachoikata nguvu ya kaiti, na kujiokoa kwa kukunja nyuzi na kuigeuza kaiti iliyojaa hewa kuwa boya la kurudia pwani.

Hata hivyo, cheti si kinga. Aliyesoma kwa siku 4 katika upepo mpole wa Kaskazi hajaiona bado Kusi ya mwezi wa Julai, yenye mawimbi na vishindo vya upepo vinavyokuja bila taarifa. Kanuni ya lazima ina hatari ya kumfanya mtu aione karatasi kama mwisho wa kujifunza.

*Walio demani.* Shule nzuri huchagua mahali na saa, huweka mtu wa kumsaidia mwanafunzi kuinua na kushusha kaiti, na huwa na chombo cha kumfuata akipotea. Kwa hiyo lazima hii huwalinda pia wale wasiohusika na mchezo.

*Gharama.* Hapa ndipo njia hii inapoumiza. Ada za kozi katika pwani yetu hupangwa kwa kumlenga mtalii, na mara nyingi hutajwa kwa yuro au dola. Kozi kamili inaweza kuzidi mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kawaida wa hoteli. Kanuni ikisema kwamba asiyelipa haruhusiwi, basi mgeni wa wiki mbili atakuwa na nafasi katika bahari ya Shanzu kuliko kijana aliyezaliwa Shanzu, na hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, wanafunzi wakiwa wengi, kazi ya ualimu huongezeka, na walimu hao wanaweza kuwa vijana wa hapahapa ikiwa watasaidiwa kupata sifa.

*Usimamizi.* Sheria inamtaka mwendesha bodaboda awe na leseni ya udereva, na kila mkaazi wa Mombasa anajua ni wangapi walijifunza jioni moja katika uwanja wa shule na kuanza kubeba abiria kesho yake. Ikiwa barabarani, penye polisi, hali iko hivyo, ni nani atakayesimama mchangani saa 10 alasiri akiuliza vyeti vya kaiti? Sehemu ya bahari hii imo ndani ya hifadhi ya baharini ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lakini kazi ya hifadhi ni kulinda matumbawe na samaki. Kumpima mrusha kaiti ni kazi ya ujuzi tofauti kabisa.

*Inamfaa nani.* Inafaa ufukwe wenye watu wengi na wenye shule karibu, pamoja na mgeni ambaye hajui maji yetu wala hana mwenyeji wa kumwongoza.

Njia ya pili: hiari ya mtu

*Usalama wa anayejifunza.* Njia hii ina historia ya heshima. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliisajili kaiti yao ya kujazwa hewa mwaka 1984, na ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na shule. Waanzilishi walijifundisha wenyewe. Tena walijifunza kwa kaiti ambazo nguvu yake ilikuwa vigumu kuipunguza. Kaiti za tangu katikati ya miaka ya 2000 zinaweza kuachia karibu nguvu yote kwa kuisukuma fimbo tu, kwa hiyo anayeanza leo ana kifaa salama zaidi.

Watu wa pwani wana hoja nyingine, nayo ni nzito. Mtoto wa mvuvi hakuwahi kwenda shule ya ngalawa. Alipakiwa akiwa mdogo, akapewa kata ya kukumba maji ya ngama, baadaye akashikishwa kamba ya tanga, na siku nahodha alipoona ameiva akaachiwa usukani. Hakuna cheti kilichoandikwa, lakini asiseme mtu kwamba mtoto huyo hakufundishwa. Mtetezi wa hiari huuliza: kwa nini kaiti isijifunzwe hivyo hivyo?

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba kuna tofauti moja isiyoweza kupuuzwa. Ndani ya ngalawa, nahodha na mwanafunzi wamo katika chombo kimoja, na mtoto akikosea, mkono wa mkubwa uko hatua moja kutoka kwenye usukani. Katika kaiti, mwanafunzi yuko peke yake tangu dakika ya kwanza anapofungwa mkanda kiunoni. Rafiki aliye nyuma yake anaweza kupiga kelele, anaweza hata kumshika mkanda, lakini kaiti ikishaanza kuvuta kwa nguvu zote muda wa kuingilia kati ni mfupi mno. Kwa sababu hiyo uanagenzi wa kaiti unawezekana, ila unamtaka mlezi mwenye subira na nafasi kuliko ule wa ngalawa. Rafiki mwenye ujuzi wa kupanda si lazima awe na ujuzi wa kufundisha, na mara nyingi naye anataka kuingia majini wakati upepo ungali mzuri.

*Walio demani.* Hapa hiari ni dhaifu kabisa. Anayejifundisha huanza karibu na anakofikia kwa miguu, na penye njia nzuri za kufikia ufukweni ndipo penye watu. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta siku ya Idi au Krismasi hauna hata nafasi ya kuzitandaza nyuzi.

*Gharama.* Mwanzoni ni ndogo, hasa kwa anayepata kaiti ya mtumba iliyoachwa na mtalii. Lakini kaiti hizo aghalabu huwa zimechakaa, nyuzi zimevutika bila usawa, na kifunguo cha dharura kimeganda kwa chumvi na mchanga. Kifunguo kisichofunguka ni kama hakipo. Tena, anayejifundisha huchukua muda mrefu zaidi na huchana kitambaa mara nyingi zaidi, na fundi wa kukishona vizuri hapatikani kila mtaa.

*Usimamizi.* Hauhitajiki, nao huo ni unafuu wa kweli. Ila ajali moja mbaya, hasa ikimpata mtu wa pembeni, inaweza kuifanya mamlaka ipige marufuku kila kaiti, na waliokuwa waangalifu wakaadhibiwa pamoja na yule mmoja.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtu aliyezoea tanga na upepo, mwenye rafiki mjuzi aliye tayari kubaki mchangani siku kadhaa bila yeye mwenyewe kuingia majini, na mwenye ufukwe mpana usio na watu.

Njia ya tatu: uthibitisho wa uwezo

*Usalama wa anayejifunza.* Katika njia hii hakuna anayeulizwa alisoma wapi. Kabla ya kuirusha kaiti peke yake, humwonyesha msimamizi wa mahali hapo kwamba anaweza kuunga vifaa vyake, kusoma upepo na maji, kukifungua kifunguo cha dharura bila kukitafuta kwa macho, kurudi pwani bila ubao, na kumpisha anayestahili kupishwa. Mfano wa kanuni hii tunao katika uzamiaji: katika nchi nyingi haitokani na sheria, lakini vituo havimpi mtu mtungi wa hewa bila kadi inayoonyesha kiwango chake, na utaratibu huo umedumu kwa sababu mwenye kifaa ndiye mwenye mamlaka ya kukataa. Upungufu wake ni kwamba uthibitisho hupima matokeo na haumfundishi mtu. Njia ya kuufikia uwezo huo, pamoja na hatari zake zote, mtu anabaki kuitafuta mwenyewe.

*Walio demani.* Njia hii huwalinda zaidi ikiunganishwa na mahali na saa. Ufaransa, kwa mfano, mahali pengi hutengwa njia zenye maboya ambazo kaiti huzitumia kutokea na kurudia, mbali na waogeleaji. Hapa kwetu kamati inaweza kusema kwamba sehemu fulani ya ufukwe haina kaiti kabisa siku za sikukuu, hata kwa mjuzi, na kwamba njia za ngalawa na mahali pa nyavu na madema ya wavuvi haviguswi. Uzi wa kaiti ukikutana na wavu, hasara ya kwanza ni ya mvuvi.

*Gharama.* Ni ndogo kuliko kozi, ingawa msimamizi naye hawezi kufanya kazi bure.

*Usimamizi.* Hutegemea watu ambao tayari wako ufukweni: wenye maduka ya kukodisha, hoteli zinazopakana na mchanga, na vikundi vya usimamizi wa fukwe vinavyojulikana kama BMU. Hatari yake ni upendeleo. Msimamizi akianza kumpitisha jamaa yake au kupokea chochote, kanuni imekufa. Na mwenye kaiti yake mwenyewe, anayeegesha gari na kushuka mchangani, hafikiwi na duka lolote.

*Inamfaa nani.* Inafaa jumuiya ndogo ambayo watu wake wanajuana, na vijana wa hapa walio na ujuzi usio na karatasi.

Kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kuishika kaiti na una uwezo wa kulipa, soma, iwe umelazimishwa au la. Kabla ya kulipa, iulize shule mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi majini kwa wakati mmoja, chombo cha uokozi kiko wapi, na wana bima gani. Asiyekujibu moja kwa moja umeshamjua.

Ikiwa uwezo ni mdogo, usiigawanye fedha yako sawasawa katika kozi nzima. Lipia zile saa 3 au 4 za mwanzo, zenye kuongoza kaiti, kukata nguvu na kujiokoa, kwa sababu hizo ndizo zinazokulinda wewe na wengine. Kuinuka juu ya ubao unaweza kuendelea nako chini ya macho ya rafiki mjuzi. Shule nyingine hukubali pia kijana awasaidie kuinua na kushusha kaiti za wageni. Mtu hujifunza mengi kwa miezi michache ya kazi hiyo.

Mzazi ambaye mtoto wake ameazimwa kaiti asianze kwa kumkataza. Amwombe amwonyeshe kifunguo cha dharura na akifungue mbele yake, nyumbani, akiwa amefumba macho. Akishindwa, jibu limepatikana bila ugomvi.

Mwenye duka la kukodisha asingojee sheria. Uthibitisho wa uwezo uko mikononi mwake leo, na kaiti yake ndiyo itakayomjeruhi mtu.

Kamati ya ufukwe iangalie demani kabla ya kuangalia cheti. Penye waogeleaji wengi, kama vile kuanzia Nyali hadi Bamburi nyakati za likizo, masomo ya lazima kwa anayeanza yana haki, pamoja na saa na mahali maalumu, mradi shule nazo zitenge nafasi za bei nafuu kwa vijana wa mtaa. Penye nafasi na watu wachache, uthibitisho unatosha, na hiari inaweza kuvumiliwa ikiwa kila anayeanza ana mtu wa kumsimamia na amekaa mbali na madiko.

Naye aliyekulia ndani ya ngalawa, anayejua kubisha na kuyasoma maji, asidharauliwe wala asijidanganye. Ujuzi wake wa upepo utamfupishia safari, lakini kuachia fimbo ni jambo jipya hata kwake. Aanze wakati wa maji mafu, maji yakiwa yamejaa kiasi cha kuyafunika matumbawe, katika upepo wa kilomita 22 hadi 30 kwa saa. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yakipwa huacha miamba mikali karibu na uso wa maji, na karibu na milango ya mwamba na ya hori mkondo hutoka kwa nguvu kuliko anavyoweza kuogelea. Siku hizo abaki mchangani, awasaidie wengine kushusha kaiti zao.